Salamu za Mtoto wa Ikupa

Kitendawili! Usinitazame tu, sema tega. Haya, sikiliza. Nilisimama ukingoni mwa bonde nikamwita mtu wa ng'ambo, akaniita. Nikamwuliza jina lake, akaniuliza jina langu. Nikamtukana, akanitukana. Nikachoka nikanyamaza, naye akanyamaza. Ni nani huyo?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Unanipa Njombe? Njombe kuna baridi, ungenipa hata Dodoma, lakini mji ni mji. Nilikwenda Njombe nikajifunika mablanketi mawili, nikala viazi, nikarudi na jibu lako: ni mwangwi. Ni sauti yako mwenyewe iliyogonga mlima ikarudi. Mwangwi hauna ubaya na mtu. Haukucheki wala haukudharau. Ila mtu akizaa mtoto aliye kama mwangwi, majirani hawasemi ni mlima. Wanamtazama mama.

Mama huyo aliitwa Ikupa. Aliishi Igawilo, upande wa Mbeya, miaka ile ya hamsini watu walipokuwa wakilima pareto huko mlimani na kushuka nayo kwa magunia. Mumewe, Mika, alikuwa fundi seremala. Mama mkwe wake, Damari, alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa pale pale, ukivuka migomba tu. Ikupa alikuwa na watoto wawili: Lutengano, mvulana aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na Esta, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Lutengano alikuwa na sura nzuri hata wapita njia waligeuka kumtazama. Alitembea mapema kuliko watoto wa rika lake. Nyimbo za kanisani alizishika zote, ubeti kwa ubeti, asikose neno. Lakini ukimwita, hageuki. Ukimwuliza kama ana njaa, anakuuliza kama una njaa. Kiazi alikila na ganda lake, na kama harage limekigusa, basi siku hiyo hali tena. Kengele ya kanisa ikilia aliziba masikio akapiga kelele kama aliyeunguzwa. Mahindi aliyapanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi zizini, na ole wake kuku atakayepita katikati. Usingizi hakuwa nao. Alilala kama mtu anayepumzika njiani, kisha akainuka akaanza kuzunguka nyumba akiimba, na mama yake akainuka naye, kwa sababu mlango ulikuwa wa kufungwa kwa kamba na mto haukuwa mbali.

Sasa, Wanyakyusa wakikutana asubuhi husalimiana "Ugonile?" maana yake, umelala? Unaitikia "Ndaga," na kila mtu anashika njia yake. Kila asubuhi watu walimwuliza Ikupa kama amelala, na kila asubuhi aliitikia Ndaga, macho yamemvimba. Hakuna aliyekusudia kumkejeli. Salamu ni salamu. Lakini ziko siku alitamani mtu mmoja tu aiulize kama swali, asimame, angoje jibu.

Jambo jingine ulijue. Ugonile ni ya kumwambia mwenzako au mtoto. Mtu mzima huambiwa "Mugonile," kwa wingi, kwa heshima. Mtoto akimwambia mzee Ugonile ni kama amemwita kwa kidole.

Basi siku moja akaja mzee wa kanisa, Eliezeri, mtu wa koti jeusi na kikohozi kidogo ambacho hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha kuanzia maneno. Alimkuta Lutengano uani, katikati ya wanawake waliokuwa wakipukuchua maharage.

"Ugonile, mwana?" akasema mzee, akakohoa. "Khm."

"Ugonile, mwana? Khm," akajibu Lutengano kwa sauti ile ile nzito, macho yake kwenye vifungo vya koti.

Wanawake waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Mimi ndiye mwana?" mzee akauliza.

"Mimi ndiye mwana?"

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake yuko wapi?"

Ikupa alitoka jikoni mbio, moshi bado umo machoni, akapiga magoti akaomba radhi. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema amesamehe, ila akaongeza kwamba mtoto hufunzwa nyumbani, kanisa haliwezi kumfunza mtu salamu. Alipokwisha kushika njia, jirani yao Tusekile akasema, "Leo mzee Eliezeri kahubiriwa," na kicheko kilichokuwa kimezuiwa kikamwagika. Ikupa naye alicheka kidogo. Ndipo mwanamke mwingine, bila kuinua macho kwenye ungo wake, akasema, "Wenzetu wanashinda kwenye pareto, watoto wanalelewa na kasuku."

Ikupa alimshika mwanawe mkono akaingia naye ndani.

Tangu siku hiyo akaanza kumfunza. Asubuhi akimwosha uso, "Sema Ndaga."

"Sema Ndaga."

"Siyo sema Ndaga. Ndaga."

"Siyo sema Ndaga. Ndaga."

"Lutengano, mwanangu, niangalie."

"Lutengano, mwanangu, niangalie," alisema mtoto, akiangalia mwanga unavyopita kwenye ufa wa mlango, na alisema kwa uchovu ule ule wa mama yake, hata Ikupa akajisikia jinsi alivyo. Ni jambo baya kusikia uchovu wako ukitoka kinywani mwa mtoto.

Mvua zile zote zilikwisha katika kazi hiyo. Alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, siku moja akajaribu kwa fimbo, akaitupa fimbo kwenye moto akakaa chini. Watu walimpa sababu zao. Mmoja alisema alipokuwa mjamzito alitazama kitu asichopaswa kukitazama. Mwingine alisema hasali vya kutosha. Ikupa alizipokea zote. Hakuwa na nguvu ya kuchagua. Na nikwambie jambo ambalo hakumwambia mtu: ziko siku alimwona mtoto yule akielekea kichakani akiimba, naye akakaa kidogo kabla ya kumfuata. Kidogo tu. Kisha akakimbia, akamkumbatia, na mtoto akajikunyata kama aliyeguswa na maji baridi, maana kukumbatiwa alikuwa hakupendi.

Mika wakati huo alikuwa amepata kazi Iringa, pale Ipogolo chini ya mlima, kwenye gereji ya Mgiriki mmoja, kuunda bodi za malori kwa mbao zinazotoka Mufindi. Pasaka alirudi nyumbani akasema amepata chumba, anataka kuhamisha jamaa yake. Wakakaa watatu, yeye, mkewe na mama yake, baada ya chakula cha mchana. Lutengano alikuwa uani na mahindi yake.

Damari ndiye aliyeanza. "Ikupa mwanangu, sikufukuzi. Umekonda, hata pete inakuponyoka kidoleni. Niachie huyu mtoto. Wewe nenda na huyu mdogo, ukaanze na watu wasiokujua. Mimi nimezeeka, sina tena haya. Wakinicheka nitawacheka, na meno yenyewe sina, watajua wao."

Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma Ikupa. Maneno ya mtu mkali unaweza kuyakataa.

Mika alikuwa akikwaruza gundi kwenye kucha zake. "Mimi silazimishi," alisema. "Nakuuliza tu, mama Lutengano. Unamweza?"

Ikupa alifungua kinywa. Akisema namweza, ni uongo, na wote watatu wanajua. Akisema simwezi, amemtoa mwanawe kwa neno moja. Aliinuka akaenda kuchochea moto jikoni, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Aliporudi, walikuwa wamekwisha kupatana bila yeye. Damari alikuwa na kidonda mguuni, hawezi kumkimbilia mtoto kwa sasa. Basi mtoto aende Iringa na wazazi wake mpaka mahindi yavunwe. Baada ya mavuno Damari atakuja mwenyewe kumchukua.

"Iwe hivyo," alisema Mika, akamtazama mkewe akingoja. Ikupa akaanza kukusanya vyombo.

Safari ya basi wakati ule haikuwa mchezo. Vumbi la Usangu liliwaingia mpaka kwenye meno. Kondakta alipiga kelele, "Sogea nyuma, sogea!" na Lutengano akaishika, akawa anaitoa kila kituo kwa sauti ya kondakta, hata abiria mmoja mnene akainuka na kuku wake akasogea mara mbili kabla ya kugundua aliyemwamuru ana kimo gani. Watu walicheka. Ikupa alijifunika uso kwa kanga akajifanya amelala. Walipopanda Mafinga baridi ikaingia, harufu ya mbao mbichi ikajaa basi zima, na mtoto akanyamaza akanusa, akanusa tu, mpaka Iringa.

Chumba chao Ipogolo kilikuwa katika nyumba ya mjane mmoja wa Kihehe, Severina, Mkatoliki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa akiuza uji wa ulezi mbele ya nyumba yake, kando ya barabara kuu, akiwapa madereva wa malori katika vikombe vya bati. Asubuhi ya kwanza Ikupa alikuwa amepanga maneno yake. Atasema mtoto ana homa, asisogelewe. Alimweka nyuma yake, akafungua mlango. Severina alikuwa amekwisha kusimama pale, ndoo kichwani.

"Kamwene," alisema Severina.

Ikupa hakujua Kihehe hata neno moja. Kwa kuwa mdomo huenda unakozoea, aliitikia, "Ndaga."

"Kamwene," ilitoka nyuma ya kanga yake, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Severina alishusha ndoo. Ikupa alifumba macho akingoja.

"Ehee!" alisema Severina. "Hii mtoto ina adabu. Mama yake ndiye hajui kuitikia. Ndaga ndiyo nini, mama? Dagaa?" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Huku kwetu ukiambiwa Kamwene, unasema Kamwene. Basi. Mwulize mwanao akufunze."

Ndivyo ilivyo, na mpaka leo Wahehe ndivyo wanavyosalimiana: neno linakwenda na neno lile lile linarudi. Lile lililokuwa tusi Igawilo, Ipogolo lilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Ikupa alisimama mlangoni kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote akakuta haukufungwa.

Sifa zikaenea upesi. Wanawake waliokwenda mto Ruaha kufua walimwambia Kamwene, akawaambia Kamwene, kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Bartholomeo, muuza mboga, alikuwa akisimamisha baiskeli makusudi. "Kamwene, bwana mkubwa!"

"Kamwene, bwana mkubwa!"

"Sikilizeni! Mtoto wa Kinyakyusa kaniita bwana mkubwa! Nyie watoto wa hapa mnaniita Batolo tu."

Kwa mara ya kwanza tangu amzae, watu walimpongeza Ikupa. Umemlea vizuri, walisema. Hana maneno mengi, hana utundu. Ungedhani alifurahi. Alifurahi, ndiyo, kama unavyofurahia kitu ulichookota njiani huku ukitazama nyuma kama mwenyewe anakuja. Alijua ni makosa tu ya bahati. Kwa hiyo akaanza kazi mpya ya kulinda makosa hayo. Salamu ikiisha, anamvuta mtoto mkono kabla mtu hajaongeza neno. Mtu akiuliza, "Unaitwa nani, baba?" Ikupa anajibu haraka haraka, "Lutengano, anaitwa Lutengano, tunachelewa." Alikwenda kuteka maji jua likiwa kali, wakati hakuna watu. Jirani akimwalika, ana kazi. Igawilo alikuwa amechoka kwa kuchekwa. Hapa alichoka kwa kusifiwa, na sijui ni upi uchovu mbaya zaidi, maana wa kusifiwa huna hata mtu wa kumlaumu.

Mika aliona. "Unakimbia nini?" alimwuliza siku moja akiwa anakula.

"Sikimbii."

"Jana umepita pale gereji kama umeiba."

"Mahindi yamekomaa huko nyumbani?" aliuliza Ikupa.

Mika aliacha kutafuna. "Yamekomaa. Mama ameagiza kwa dereva, anakuja mwezi huu wa nane."

Ikupa aliinuka akaenda kuosha sufuria.

Siku aliyoiogopa ilipofika, ilifika mchana kweupe. Lori la harusi lilikuwa likipanda kwenda mjini, limefungwa majani na vitambaa, wanawake juu yake wakipiga vigelegele, na dereva, kwa furaha yake, akaegemea honi bila kuiachia. Ikupa alikuwa kando ya barabara na Lutengano, Esta mgongoni. Mtoto aliziba masikio akaanguka, akajibwaga kwenye vumbi, akapiga kelele zilizoishinda honi. Ikupa alipoinama kumwinua, akamng'ata mkono. Watu walikuja kutoka kila upande.

"Si yule kijana wa Kamwene?"

"Ana kifafa?"

"Mwekeeni kijiko mdomoni!"

"Kijiko cha nini, huoni anasema?" alisema Bartholomeo. Na ni kweli mtoto alikuwa akisema, katikati ya kilio: "Ana kifafa? Ana kifafa? Mwekeeni kijiko!"

Watu wakatazamana, na Ikupa aliyajua macho yale. Alimbeba mtoto kwa nguvu ambazo hakujua kama anazo, mmoja mgongoni na mwingine akirusha mateke kifuani, akaingia chumbani akafunga mlango. Siku ya pili hakutoka. Maji yalikwisha mtungini, hakutoka. Alikaa kwenye mkeka akitazama alama za meno mkononi. Alikuwa anakunja nguo za Lutengano, kaptula mbili na shati la kanisani, anazikunja na kuzikunjua. Alisema moyoni: mama mkwe akija, azikute tayari.

Severina aligonga kwa kiganja. "Kamwene humo ndani!"

"Kamwene humo ndani!" aliitikia Lutengano.

Ikupa alifungua kidogo. "Mama, nisamehe," alisema. "Nilikudanganya. Mtoto wangu haitikii salamu. Hajui kuitikia. Anarudisha tu lile aliloambiwa. Hana adabu yoyote, sikumfunza, nilijaribu nikashindwa."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili ile. Ulikuwa unaanua nguo. Nilimwuliza, wewe mtoto, unataka uji? Akaniambia, wewe mtoto, unataka uji? Nikasema mimi siyo mtoto, nina wajukuu. Akasema na yeye ana wajukuu." Severina alisukuma mlango kwa kiwiko akaingia. "Nikajua, hii siyo mambo ya adabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, wewe umeshika mtoto unakimbia. Nikasema labda huyu mama anadaiwa."

Ikupa alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Alilia kwa sauti, akiwa amesimama, bila kujifunika, na Esta akaanza kulia kwa kumfuata. Severina hakumbembeleza. Alimchukua Esta, akatazama chumba, akatazama mtungi mtupu. Alikuwa na ushauri wake, na mwingi haukufaa kitu. Alisema mtoto asomewe misa kwa Wakatoliki. Alisema apewe kitunguu kibichi. Alisema yeye aliwahi kumjua mtu wa Kalenga aliyekuwa hivyo hivyo, hatazami watu, na mpaka leo anachunga ng'ombe wa ukoo mzima, hakuna anayepotea, ila usimguse mkono. Kisha akasema jambo moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisema.

"Jana umelala?"

Ikupa mdomo ulikuwa tayari kuitikia. Ndaga ilikuwa hapo kwenye ulimi. Lakini mwanamke yule alikuwa amesimama, Esta begani, anangoja.

"Sijalala," alisema Ikupa. "Sijalala, mama. Tangu huyu azaliwe."

"Basi lala sasa. Mimi niko hapo nje, barabara iko upande ule, nitamziba kwa benchi. Lala."

"Hali maharage. Viazi visimenywe. Ukimshika, mshike kwa nguvu, usimpapase, kupapaswa hapendi. Kengele ikilia..."

"Kengele ya Walutheri iko juu huko. Lala, mama!"

Alilala mchana kweupe, jua linaingia dirishani, kama mgonjwa au mtu aliyefiwa. Alipozinduka kivuli kilikuwa kimehama ukuta, na hofu ikamwinua kabla ya akili. Alitoka nje bila viatu. Madereva wawili walikuwa wamesimama mikono mitupu, na Severina amejishika kiuno. Vikombe vyote vya bati vilikuwa vimepangwa chini, mstari mmoja kutoka kwenye benchi mpaka kwenye kisiki, mikono yote ya vikombe ikitazama upande mmoja. Lutengano alikuwa amelala kifudifudi, jicho moja limefungwa, anaupima mstari ule kwa lile jingine.

"Njoo umtazame mwanao," alisema Severina. "Nikitoa kikombe kimoja, analia. Nikirudisha kikitazama kule, analia. Leo siuzi uji. Hawa wanaume watakunywa kwa viganja."

"Kunywa kwa kiganja si tunaweza," alisema dereva mmoja. "Ila mstari umenyooka kweli. Fundi Mika ndiye baba yake?"

"Ndiye," alisema Ikupa.

Alikaa kwenye benchi. Hakumvuta mtoto. Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa kuni akasema Kamwene, Lutengano akasema Kamwene, kisha mwanamke akamwuliza mtoto anafanya nini, na mtoto akamwuliza anafanya nini. Mwanamke alimgeukia Ikupa. Ikupa alihisi miguu ikitaka kuinuka, akaibana.

"Ndivyo anavyosema," alimwambia. "Ukimwuliza, anakuuliza. Mimi nikitaka kujua kama ana njaa, ninamwekea kiazi, ninatazama mkono wake."

"Aa," alisema mwanamke, akahamisha kuni begani. "Mimi nina mume wa namna hiyo." Akaenda zake.

Usidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Honi zilikuwa zile zile. Wapo waliomfungia mlango Ikupa kwa kuogopa watoto wao wasiambukizwe. Bartholomeo aliacha kusimamisha baiskeli, akawa anapunga mkono kutoka mbali. Siku nyingine Ikupa alichoka hata akasahau chumvi kwenye mboga ya watu wazima, Mika akala bila kusema. Lakini mara kwa mara, jua likiwa juu, Severina alipiga mlango kwa kiganja akasema, "Lete hiyo jeshi yangu ya vikombe," na Ikupa akalala kidogo.

Damari alishuka kwenye basi siku ya soko, mguu umepona, amebeba kapu la ndizi na blanketi jipya. Blanketi lilikuwa la Lutengano, la safari ya kurudi. Alimwinamia mjukuu wake hapo hapo barabarani.

"Ugonile, mwanangu?"

"Ugonile, mwanangu?" alisema Lutengano.

Wapita njia walikuwapo, na mmoja wao alikuwa Mnyakyusa, maana aligeuka kwa mshangao. Damari akamtazama Ikupa, akingoja apige magoti kumwombea radhi mtoto kama siku zote. Ikupa alipokea kapu. "Shikamoo, mama. Pole na safari. Twende ukale."

Walipokwisha kula, wakakaa tena watatu. Mlango ulikuwa wazi, na nje Lutengano alikuwa na vikombe vyake, na Severina alisikika akigombana na dereva aliyekanyaga mstari. Damari alikunjua blanketi magotini akalikunja upya.

"Basi la kurudi liko kesho kutwa," alisema. "Nguo zake umeziweka wapi?"

"Zimo sandukuni, pamoja na zetu," alisema Ikupa. "Mama, kaa nasi siku kadhaa, nina haja ya mikono yako. Halafu urudi salama. Mtoto haendi."

Damari akamgeukia mwanawe. Mika alikuwa akimtazama mkewe, kucha zake zimejaa gundi kama siku ile ya Pasaka.

"Mama Lutengano," alisema taratibu, "kwenda au kutokwenda siyo nilichokuuliza. Nilikuuliza, unamweza?"

Ikupa alijifunga kanga upya, maana nje mtu alikuwa ameanza kulia na alijua ni nani.

"Jana alinishinda," alisema. "Leo nimemweza. Ya kesho utaniuliza kesho."